Safari ya Kumtua Kaka Mzigo

Jamani, nimechoka kusimulia kwa vipande. Jumatatu nilimwambia Mama Rehema habari ya dumu lililopasuka, Jumanne soko zima likawa linasema nilipigana ndani ya basi. Kanisani nimeulizwa kama ni kweli jibini yangu ilikamatwa na jeshi. Basi nimekaa, nimeandika yote tangu mwanzo, kila mtu ajisomee, nami nipate nafasi ya kuuza maharage yangu. Habari ya pasipoti, viza na mihuri siwaandikii, maana hata mimi mwenyewe sikuielewa. Nitaandika barabara na watu.

Kilichonitoa nyumbani

Mnamkumbuka Solange, binti wa marehemu mdogo wangu, yule aliyekuwa akisuka nywele karibu na nyumba yangu hapa Kyeshero, Goma. Aliolewa Kalengera. Vita vilipofika kule mumewe alichukuliwa mbele ya macho yake, na yeye akatembea na mimba hadi kambi ya Kanyaruchinya, akaishi chini ya hema mpaka na hapo pakawa hapakaliki. Alichokiona siku ile Kalengera mimi ninakijua nusu. Nusu ya pili hajamwambia mtu.

Kaka yetu mkubwa, Yaya Faustin, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa, yuko Afrika Kusini miaka mingi sasa, Pretoria, anatengeneza friji. Yeye ndiye alimwita Solange. Binti akaenda, akajifungua huko mtoto wa kiume, Eritie, akaomba hifadhi ya ukimbizi. Baada ya kungoja sana akaitwa mbele ya baraza linalosikiliza maombi ya wakimbizi, aeleze kwa nini hawezi kurudi.

Sasa sikieni vizuri, maana safari yote imetoka hapa. Ninyi mnajua kwetu Rutshuru binti hasemi kesi yake. Hata siku ya posa bibi harusi anakaa chumba cha ndani, na msemaji wa familia ndiye anaongea mpaka anakauka koo, akimtaja binti ambaye hakuna anayemwona. Mkubwa akisema "tuko hapa", binti naye yuko. Basi Yaya Faustin alivaa suti yake nzuri, akamketisha Solange kwenye benchi chini ya ngazi amnyonyeshe mtoto, akapanda peke yake. Jina la Solange lilipoitwa akasimama: tuko hapa. Wakamuuliza mwombaji yuko wapi. Akajibu kwamba yeye ndiye baba yake, wamuulize yeye. Wakamwambia mwombaji lazima aingie mwenyewe. Mkalimani siku hiyo hakuwa amefika, na Kiingereza cha kaka yangu ni cha friji. Anajua kuuliza kama inavuja. Alidhani wanamkaribisha kwa heshima, akarudia kusema kwamba yeye ndiye. Wakangoja, wakaandika, wakaita mtu mwingine.

Akashuka ngazi amefurahi. "Nimekwisha kuongea. Tuende tukule." Wakanunua kuku.

Halafu ikaja taarifa kwamba ombi limehesabiwa kuwa limeachwa, kwa sababu mwenyewe hakutokea. Hakutokea! Alikuwa chini ya ngazi. Na mtu ambaye ombi lake limeachwa anaweza kurudishwa alikotoka siku yoyote.

Alikuwapo mwanasheria mmoja kijana, dada anayeitwa Thandeka, anayesaidia wakimbizi. Alisema faili linaweza kufunguliwa tena kama kuna sababu ya maana, lakini aliyekuwa ndani ya chumba siku ile aje mwenyewe aape na kueleza. Aliyekuwa ndani ni Yaya Faustin. Na Yaya Faustin akakataa. Alisema hawezi kwenda kushtakiwa kwa kosa la kuwa baba. Tangu hapo alikuwa anakula kimya, anainuka mezani kimya, na muda wa kuomba ulikuwa unakwisha.

Solange akanipigia. "Masenge," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita shangazi, "Papa mukubwa hataki kusikia hii maneno. Mimi siwezi kumuambia kitu. Ni weye tu."

Mtaniuliza kwa nini sikumpigia kaka simu. Kwa simu unamwambia mtu bei ya maharage. Mkubwa wako humwambii kwa simu kwamba amekosa. Nikajaza mfuko, nikachukua gurudumu zima la jibini ya Masisi, kwa sababu kaka yangu anaililia tangu aondoke, na dumu la kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kwa sababu hauendi kwa mkubwa na neno zito mikono mitupu. Na kichwani nikatayarisha maneno makali. Nilikuwa nimekasirika kweli.

Kutoka mpakani hadi Rusumo

Tangu uwanja wetu wa ndege ufungwe, kila safari inaanza kwa miguu. Nilivuka mpaka wa Rwanda pamoja na akina mama wa nyanya na wa mkaa, dumu kichwani, jibini mgongoni nimeifunga kwa kitenge. Askari wa upande wa pili alinisimamisha, akasema kwa Kinyarwanda nimwonyeshe mtoto. Nikafungua kitenge. Akaitazama jibini, akanitazama mimi, akasema amefanana na baba yake. Walicheka hata waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, na mimi nikaona safari imeanza vizuri.

Hadi Kigali hakuna cha kusimulia isipokuwa kona, na kijana mmoja aliyetapika kwa adabu kabisa ndani ya kofia yake. Kigali tulingoja basi la Tanzania mpaka miguu ikavimba. Mpakani Rusumo, mtoto wa kike anayekata tiketi aliinama kidogo akaniambia, "Shikamoo, mama." Mimi kwetu sijawahi kuambiwa hivyo. Nikajibu, "Bonjour." Akabaki ameinama, anangoja. Nikaongeza, "Ça va?" Abiria mmoja akanionea huruma, akaninong'oneza kwamba ninatakiwa kusema marahaba. Toka hapo nilisema marahaba kwa kila mtu hadi Mbeya, hata kwa wazee waliokuwa hawajanisalimia.

Njia ya Singida

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mwenye mtandio wa kijani, jina lake Mama Zuhura, mtu wa Singida, anauza asali na mafuta ya alizeti. Tulielewana haraka, ingawa kila nilipoongea alifumba macho kwanza, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. "Kiswahili chako kitamu," aliniambia, "ila kinakimbia."

Jua lilikuwa kali. Mimi nilikuwa nimelifunga dumu la kasiksi kwa nguvu zangu zote lisimwagike, nimeliweka chini ya kiti. Wenye akili mmeshaelewa. Kasiksi haikubali kufungiwa kwenye joto. Tulikuwa tumeipita Nzega, watu wanasinzia, dumu likapasuka kwa kishindo kimoja kikubwa.

Mtu wa Goma haulizi. Kabla sijafikiri nilikuwa nimelala chini katikati ya viti, nimemvuta Mama Zuhura, nimemlalia, mkono juu ya kichwa chake. Nilikaa hivyo nikingoja kishindo cha pili. Hakikuja. Nikasikia tu pombe inatiririka, na watu wanauliza ni tairi au ni nini. Nikainua kichwa. Basi zima limenitazama, na yule mama wa watu, mwenye swala zake tano, amelowa kasiksi tangu mtandio hadi viatu.

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda kwa pamoja, na katikati ya maneno nikaanza kulia. Sikulia kwa sababu ya pombe. Nililia kwa sababu nilikuwa nimevuka mipaka miwili, watu wote ndani ya basi lile wamebaki wamekaa vitini, na mimi peke yangu ndiye nimejua jinsi ya kulala chini.

Mama Zuhura alijinyanyua polepole, akajifuta uso, akanishika mkono. "Kumbe ulikuwa unanikinga," akasema. "Hujui hata jina la baba yangu, ukanikinga." Halafu akanusa mtandio wake, akakunja pua. "Lakini leo nikifika nyumbani, mume wangu atataka maelezo." Akacheka, na basi zima likacheka naye. Wachache waliokuwa wamekunja nyuso nao wakafungua madirisha wakaacha mambo yapite.

Tuliposimama kula alifua mtandio bombani, nikamsaidia kuukamua. Tukala kuku na wali, na hapo nikamweleza yote: Solange, benchi chini ya ngazi, kaka yangu mbishi. Nikamsomea hata maneno makali niliyoyatayarisha. Alisikiliza hadi mwisho, akalamba vidole.

"Na huyo kaka yenu," akaniuliza, "siku ile alivyovaa suti akaenda kuwasemea, mlimwambia ahsante?"

"Kumushukuru? Ameharibu kila kitu!"

"Sijakuuliza kama ameharibu, dada. Nimekuuliza kama mlimshukuru."

Nilikasirika kidogo, siwafichi, kwa sababu mtu wa Singida alikuwa ananikumbusha desturi ya Rutshuru. Kwetu msemaji wa familia akimaliza kazi, anashukuriwa. Anapewa kinywaji mbele ya watu, anaambiwa umetusemea vizuri, sasa pumzika. Kabla ya hapo hakuna mwingine anayefungua mdomo, maana neno bado liko mikononi mwake. Yaya Faustin alitusemea, na badala ya kumpa kinywaji tukamletea taarifa ya mwanasheria. Hakuna aliyemtua mzigo. Sasa atauachaje?

Mama Zuhura alishuka Singida. Kabla hajaenda alifungua kikapu chake, akaniwekea mapajani galoni la asali. "Pombe yako nimeivaa mimi," akasema. "Mpelekee kaka yako hii. Na hii haipasuki."

Tunduma, mahali pa kungoja

Kutoka Dodoma tuliteremka hadi Iringa, kisha Mbeya, na huko baridi ilinipiga nikajiona niko Masisi. Halafu Tunduma. Mtu akiwaambia alipita Tunduma haraka, mjue hakupita. Malori yamepangana hadi macho yanachoka, na basi letu la kwenda Lusaka lilikuwa limefunguliwa tumbo, fundi yuko chini yake, miguu tu inaonekana. Tuliambiwa "sasa hivi". Tulilala hapo.

Nilikula chipsi zilizomwagiwa mayai, chakula ambacho sikukielewa lakini nilikimaliza. Nilijifunza pia kwamba mtu akikuambia "basi linakuja", hasemi kwamba liko njiani. Anakupa moyo.

Kungoja kulinitafuna. Solange aliniandikia kwamba Thandeka anataka karatasi za ombi zifike kabla ya wiki kwisha, la sivyo mlango unafungwa. Nikamjibu kwamba hata mimi nangoja mlango, wa basi. Usiku ule nililaza kichwa juu ya jibini, nikayarudia yale maneno makali, na moja moja nikaanza kuyatupa. Lile la "umri wako haukukufundisha kitu" ndilo lilinipa taabu zaidi kulitupa, maana lilikuwa zuri sana.

Upande wa Zambia, afisa wa forodha aliigonga jibini kwa kidole. Akauliza kama ni sabuni. Nikasema ni chakula. Akatikisa kichwa, akamwita mwenzake, naye akasema ni mshumaa. Ikabidi nikate kipande nile mbele yao. Wakataka kuhakikisha. Wakahakikisha, wakaita na wa ofisi ya pili waje kuhakikisha. Nilipoifunga tena kitengeni, gurudumu lilikuwa na pengo kama mwezi mchanga. Basi hakuna jeshi lililoikamata. Ililiwa kwa amani, mpaka kwa mpaka.

Kusini

Lusaka nilipewa nshima, ndio ugali wao, na samaki wadogo. Nikaonja, nikapiga kelele pale mgahawani: "Hii ni sambaza!" Mhudumu akasema hapana, ni kapenta. Nikamwambia yeye aite anavyotaka, mimi nimezaliwa karibu na Ziwa Kivu, sambaza ninaijua hata ikibadilisha uraia. Nilikula sahani mbili na kwa mara ya kwanza sikujiona mgeni.

Baada ya hapo ni Zimbabwe, nchi ya mawe yaliyopandiana, na watu wapole wanaoongea kwa sauti ya chini. Kule ndani ya basi hakuna aliyejua Kiswahili wala Kifaransa. Bibi mmoja aliyekaa nami tuliongea kwa mikono njia nzima. Nadhani ana watoto sita, au ng'ombe sita. Tulipoachana tulikumbatiana.

Nilifika Pretoria na miguu kama mihogo. Yaya Faustin alikuwa kituoni amevaa kofia ya sufu. Nywele zimekuwa nyeupe zote, na hakuna aliyeniambia. Alinipokea mfuko, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Umekonda," akasema.

Hayo tu. Lakini mfuko hakuuachia tena mpaka nyumbani, nami nikashukuru Mungu kwamba yale maneno makali nilikwisha kuyatupa njiani.

Meza ya Yaya Faustin

Siku ya kwanza si ya maneno. Mgeni anaoga, anakula, anatoa habari za waliokufa, za waliozaliwa na za mvua. Jioni ile ile Thandeka akaja, dada mwembamba anayetembea mbiombio, na bahasha kwapani. Nikamkaribisha, nikamjazia sahani ya sombe, yale majani ya mhogo, nikaongea naye kuhusu mvua. Solange anatafsiri.

"Masenge, anasema muda umekwisha karibu. Anauliza kama Papa mukubwa amekubali."

"Muambie asante sana. Muambie aongeze sombe."

Thandeka alinitazama kama mtu anayetazama nyumba inaungua na mwenye nyumba anapanga viti. Nilimwelewa kabisa, na ningependa kumpa moyo. Lakini ningelifungua lile neno mbele ya mgeni, siku ya kwanza, kaka yangu angeinuka mezani na asingerudi tena. Nilimsindikiza mlangoni, nikamwonyesha kwa mkono: kesho. Usiku huo sikulala vizuri. Nilijua nikikosea, binti atarudishwa, na mimi ndiye nitakayempokea mpakani.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nilitandika kitenge juu ya meza. Nikaweka jibini iliyobaki, nikaweka asali ya Singida. Nikasimama. Kwa mkubwa, neno la shukrani linasemwa umesimama.

"Yaya, sikukuya juu ya kukuuliza. Nilikuya juu ya kukushukuru."

Alikuwa ameshaanza kukunja uso. Akauacha katikati. "Kunishukuru juu ya nini?"

"Mutoto wa ndugu yetu aliitwa mbele ya batu wakubwa. Papa yake hayuko, bwana yake hayuko. Ulivaa suti, ukapanda ile ngazi, ukasema tuko hapa. Ndugu yetu angelikuwa muzima, njo angelifanya vile. Nani alikushukuru?"

Eritie alikuwa chini ya meza anagonga kijiko.

"Hakuna mutu," kaka yangu akasema.

"Njo maana ungali unabeba. Batu wote wamekaa, weye ungali umesimama mule ndani. Yaya, ulitusemea. Familia imesikia. Leo tunakutua muzigo. Pumuzika."

Nikamkatia jibini, nikaimwagia asali, nikampa kwa mikono miwili. Aliitazama. Akaila polepole, mpaka mwisho, na machozi yakashuka wala hakuyafuta. Mimi nililia pia. Jikoni nilisikia Solange amefunga bomba ili asikie vizuri.

"Sikutaka aseme ile ya Kalengera mbele ya banaume," kaka akasema. "Mimi ningelisema kidogo, nifunike kidogo."

"Ninajua."

"Lakini mimi sikuona kitu." Alisema kama mtu anayekigundua sasa hivi. "Ni yeye njo aliona. Mimi ningelisema nini?"

Akamwita Solange. Binti akaja, mikono imelowa maji, akapiga magoti alivyofundishwa. Yaya Faustin akamwinua.

"Maneno yako nilikubebea mpaka pale nilipoweza. Sasa nakurudishia. Nitaenda niwaambie ulikuwa chini ya ngazi." Halafu akanigeukia, akiwa bado na asali kwenye ndevu. "Na kasiksi iko wapi? Hauwezi kuniambia umetoka Goma bila kasiksi."

Ikabidi nimweleze habari ya Mama Zuhura. Alicheka hadi akakohoa. Thandeka alipofika kuulizia, alitukuta tunacheka wote, akadhani tumechanganyikiwa. Nikamjazia sahani nyingine. Safari hii alikula huku anaandika, na Yaya Faustin akatia saini.

Chini ya ngazi

Karatasi zilifika kabla ya mlango kufungwa, na baada ya siku kadhaa tukaitwa. Nililiona lile benchi. Ni la chuma, liko karibu na mashine ya kahawa. Tulilipita wote, na Solange hakuligeukia.

Juu kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani aliyeongoza kikao, na mkalimani, mtu wa Uvira, Mkongo mwenzetu, ambaye tulipomsalimia tu alitabasamu. Kaka yangu aliapa. Kisha akaeleza, na leo kila neno lilifika.

"Niliposema tuko hapa, sikudanganya," aliwaambia. "Kwetu, mukubwa akiitika, mutoto ameitika."

Yule mama akauliza kwa nini hakushuka kumwita, baada ya kuambiwa aingie mwenyewe.

"Niliona nikimuita, ni kama kusema hana mutu wa kumusemea. Na ako na mutu."

Mama mwenye miwani aliacha kuandika akamtazama. Sijui alifikiri nini. Kisha akauliza kama faili likifunguliwa, mwombaji yuko tayari kueleza kwa kinywa chake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona mabega ya kaka yangu yanainuka, mdomo unafunguka. Mazoea ya maisha yote. Nikajishika kwenye kiti. Akaufunga mdomo, akatazama mikono yake.

Solange akasimama. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Niko hapa," akasema. "Nitasema miye mwenyewe."

Tulingoja nje mpaka Thandeka akatoka anakimbia, na safari hii sikuhitaji mkalimani, maana alinikumbatia kabla hajaongea. Faili limefunguliwa. Solange atapangiwa siku mpya ya kusikilizwa. Yaya Faustin akauliza kama kuna mahali karibu wanauza kuku.

Kurudi Kyeshero

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, ila mfuko mwepesi. Tunduma walituambia "sasa hivi", nikatandika kitenge changu nikalala bila kuuliza. Singida basi lilisimama kidogo tu, na Mama Zuhura alikuwapo kituoni, maana nilimpigia. Nilimletea kitambaa cha kule kusini, cha rangi ya bluu. Hakukitazama kwanza.

"Mlimshukuru?"

"Tulimushukuru."

"Marahaba," akasema, na sikujua nani alikuwa anamtania nani.

Sasa nyote mnaniuliza jambo moja: je, amekubaliwa? Jibu bado. Siku ya Solange ilifika wiki iliyopita, nami nilikuwa hapa sokoni, mkono ndani ya gunia la maharage, simu kwenye kitenge. Nilikuwa nimeomba tangu alfajiri. Wateja walioniuliza bei siku hiyo wanajua niliwajibu vitu gani. Mchana ujumbe wa sauti ukaingia. Nilidhani ni Solange. Alikuwa Yaya Faustin, na nyuma yake nilisikia mashine ya kahawa inanguruma na Eritie anagonga chuma kwa kitu.

"Dada, Solange ameita... apana, ameitwa, ameingia. Ako anasema tangu asubuhi. Thandeka ametoka mara moja kuchukua maji, anasema Solange anaongea muzuri, anasema yote, hata ile nusu." Kile chuma kikaacha kugongwa. "Mutoto amekula. Mimi niko naye huku chini, kwenye benchi."